Uzi Mweusi Ndani ya Zege

Roshani ya nyumba ya shangazi yangu, mtaa wa pili kutoka baharini mjini Tanga, ilianza kumwaga vipande vya zege miaka michache iliyopita. Kwanza ulionekana mstari wa kutu kwenye tumbo la slabu, mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu. Kisha plasta ikavimba. Siku moja kipande cha ukubwa wa sahani kikaangukia beseni la nguo, na pale kilipotoka zikaonekana nondo mbili zimeliwa hadi kufanana na mizizi. Fundi aliyeitwa alisema amesikia kuna nondo za kaboni zisizoshika kutu hata kidogo. Je, hizo zisingefaa? Shangazi akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyesomea fizikia. Siku ile sikumjibu. Jibu ni refu, na linaanzia kwenye zege lenyewe.

Zege ni jiwe la kutengeneza, na tabia yake ni ya jiwe. Ukiligandamiza, linavumilia: kila milimita moja ya mraba ya zege la kawaida la nyumba hubeba niutoni 20 hadi 25, yaani uzito wa kilo mbili na zaidi juu ya eneo dogo kama ncha ya kalamu. Ukilivuta, linakatika kabla hujafika niutoni 3. Sasa chukua kipande cha sponji la godoro, chora mistari ya wima ubavuni, kisha kiegemeze ncha zake mbili juu ya vitabu na ukibonyeze katikati. Mistari itabanana upande wa juu na kuachana upande wa chini. Hivyo ndivyo slabu ya chumba inavyoishi kila siku: juu inabanwa, chini inavutwa. Na kuvutwa ndiko zege lisikokuweza. Ndiyo maana tunaweka chuma chini.

Wazo hilo halina umri mkubwa. Mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, alipata hataza mwaka 1867 kwa ajili ya vyungu vya maua vya saruji vilivyotiwa wavu wa chuma ndani. Ndoa ya chuma na zege ilifanikiwa kwa bahati mbili ambazo hakuna aliyezipanga. Ya kwanza ni kwamba vitu hivi viwili hutanuka kwa joto karibu sawa: mita moja ya chuma hurefuka kama milimita 0.012 kwa kila nyuzijoto moja, na mita ya zege kama milimita 0.010. Kama vingepishana sana, mchana na usiku vingetosha kuvitenganisha. Ya pili ni kemia. Maji yaliyomo katika vitundu vya zege ni ya alkali kali, na ndani ya alkali hiyo chuma hujivika ngozi nyembamba mno ya oksidi inayokizuia kuendelea kuliwa. Nondo iliyofunikwa vizuri katika zege zuri haishiki kutu, hata kama zege lenyewe lina unyevu.

Pwani, bahati ya pili huharibika. Chumvi huingia na upepo wa bahari, au huja tangu mwanzo ndani ya mchanga wa ufukweni ambao fundi hakuuosha. Kloraidi iliyomo hupenya taratibu hadi kwenye nondo na kutoboa ile ngozi. Kwa upande mwingine hewa ukaa nayo hupenya na kula alkali. Kutu ikianza, haibaki na ukubwa wa chuma ilichotokana nacho. Hujaa nafasi mara mbili hadi sita zaidi. Ndani ya zege hakuna mahali pa kujaa. Basi nondo inalisukuma zege kutoka ndani, na zege, tukumbuke, halijui kuvutwa. Ukiona mstari wa kutu kwenye tumbo la slabu, kazi hiyo imeshaendelea kwa miaka.

Dawa ya wahandisi ni kuongeza koti. Fundi anapopanga nondo huziwekea biskuti chini yake, vile vijiwe vya saruji vya kuziinua kutoka kwenye mbao, ili zege lipite na kuzifunika. Ndani ya nyumba milimita 20 au 25 zinatosha. Karibu na bahari huhitajika 40, 50, hata zaidi. Zege hilo la koti karibu halibebi kitu. Lipo kuchelewesha chumvi. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita jengo imara ni koti la mvua.

Na koti hilo lina bei ambayo haimo kwenye risiti ya duka. Saruji hutokana na chokaa mawe. Kwa hesabu ya kemia tupu, kilo 100 za mawe hayo zikichomwa hutoa kilo 44 za hewa ukaa na kubakiza kilo 56 za chokaa. Hata kama tanuri lingewashwa kwa jua, hizo 44 zingeondoka tu, kwa kuwa zimo ndani ya jiwe. Ongeza mafuta au makaa ya kulifikisha tanuri kwenye nyuzijoto 1,450, na utaelewa kwa nini saruji hukadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Hapa ndipo anayetaka nyumba isiyoumiza mazingira anapaswa kuuliza: je, kama tungekuwa na kitu cha kuvutwa kisichojali chumvi, tungehitaji koti?

Kitu hicho kipo, na wewe umekishika tangu darasa la kwanza.

Risasi ya penseli ni grafiti iliyochanganywa na udongo. Grafiti ni kaboni iliyojipanga katika matabaka, kila tabaka likiwa kama wavu wa kuvulia wenye matundu ya pembe sita. Ndani ya tabaka, chembe moja ya kaboni imeshikana na jirani zake watatu kwa vifungo vilivyo miongoni mwa vilivyo imara kuliko vyote tunavyovijua. Kati ya tabaka na tabaka, mshiko ni dhaifu. Ndiyo maana ukipitisha penseli juu ya karatasi matabaka yanachubuka na kubaki pale kama mwandiko. Penseli ni laini kwa sababu tunaitumia upande wake mbovu. Swali la wanasayansi lilikuwa jinsi ya kuyalaza matabaka yote yaelekee upande mmoja, kwa urefu, ili anayevuta awe anavuta vile vifungo imara.

Jibu ni binamu wa tanuri la mkaa. Mchoma mkaa hupanga magogo na kuyafukia kwa udongo, ili joto liwepo lakini hewa isiwepo. Vyote visivyo kaboni hutoka kama moshi na maji, na kaboni hubaki. (Neno ukaa lenyewe ni ndugu wa makaa, na sijui kama tungepata jina bora.) Nyuzi za kaboni huanza kama uzi mweupe wa akriliki, wa ukoo mmoja na ule wa masweta ya bei nafuu. Unapitishwa kwenye joto la nyuzijoto 200 hadi 300 huku umevutwa ukakaza, na rangi yake inageuka kuwa ya manjano, kisha kahawia, kisha nyeusi. Halafu unaingia tanuri lisilo na oksijeni, zaidi ya nyuzijoto 1,000. Nitrojeni na hidrojeni zinaondoka, karibu nusu ya uzito inapotea, na kinachobaki ni uzi mweusi wenye kipenyo cha mikromita kama 7, mwembamba kuliko unywele kwa takriban mara kumi. Kule kuvutwa ndiko kunakoyalaza matabaka. Mkaa wa jikoni haukuvutwa na mtu, nao unavunjika kwa vidole.

Thomas Edison alikuwa akichoma nyuzi za pamba na mianzi kwa ajili ya taa zake tangu 1879, lakini zile hazikuwa na nguvu ya kusifiwa. Nyuzi zenye nguvu ya kweli zilianza kueleweka mwaka 1958 kwa Mmarekani Roger Bacon, na muda mfupi baadaye Mjapani Akio Shindo, huko Osaka, akaonyesha njia ya akriliki. Uzi wa leo wa kawaida hubeba niutoni 3,500 hadi 4,900 kwa milimita ya mraba. Nondo ya kawaida ni 500. Na kaboni ina uzito chini ya robo ya ule wa chuma kwa ujazo uleule.

Lakini uzi ni uzi. Huwezi kusimamisha nyumba kwa uzi, kama vile huwezi kufunga jahazi kwa unyuzi mmoja wa katani. Katika kamba ya katani, nyuzi zimesokotwa zibanane, na mmoja ukikatika, msuguano unaukabidhi mzigo wake kwa jirani. Kwa kaboni kazi hiyo hufanywa na resini, mara nyingi epoksi: gundi ya majimaji inayolowesha nyuzi maelfu kwa maelfu kisha inakauka na kuwa ngumu. Uzi mmoja ukikatika ndani ya gundi, mzigo hupita kwenye gundi umbali mfupi sana na kuingia jirani, na zaidi ya hapo uzi uliokatika unarudi kazini. Kitu cha namna hii, nyuzi za kubeba ndani ya gundi ya kugawa, ndicho wataalamu wanachokiita mchanganyiko. Babu zetu waliokandika viambaza vya fito na udongo walikuwa na nusu ya wazo hili. Fito zilivutwa, udongo ukagandamizwa, na nyufa hazikwenda mbali.

Tufanye hesabu, kwa kuwa bila hesabu kaboni inabaki hadithi. Nondo ya milimita 12 ina eneo la milimita za mraba 113. Mara 500, inabeba niutoni 56,500, karibu tani 5.8, na kila mita yake ina kilo 0.89. Mchanganyiko wa kaboni na resini ni dhaifu kuliko uzi mtupu kwa kuwa sehemu yake ni gundi. Tuukadirie niutoni 2,000. Kubeba mzigo uleule utahitaji milimita za mraba 28 tu, na mita moja itakuwa na gramu kama 45. Kilo moja inafanya kazi ya kilo ishirini.

Hapa wauzaji husimama. Sisi tuendelee.

Kutengeneza kilo moja ya chuma hutoa, kwa wastani wa dunia, takriban kilo 2 za hewa ukaa. Kilo moja ya nyuzi za kaboni, kwa sababu ya yale matanuri na ule uzi unaotokana na mafuta ya petroli, hutoa kama kilo 20, na kiwandani kwenye umeme mchafu zaidi ya hapo. Kwa mita ya nondo yetu: chuma kilo 1.8, kaboni kilo 0.9. Lakini mhandisi makini hatakuruhusu kutumia zile niutoni 2,000 zote. Atakata kwa ajili ya moto, mzigo wa miaka mingi, na mambo asiyoyaona. Akikata nusu, faida yote imekwisha. Ukibadilisha nondo kwa kaboni na kuliacha zege na unene wake, umetumia fedha nyingi kuokoa hewa ukaa kidogo au usiokoe kabisa.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo wanafunzi wangu hulikosea zaidi. Nguvu na ukakamavu ni vitu viwili. Nguvu ni mzigo unaokata. Ukakamavu ni mzigo unaorefusha. Mpira wa manati unajulikana: haukatiki upesi, lakini hungependa kulala juu ya kitanda kilichoning'inizwa nao. Mchanganyiko wa kaboni, milimita kwa milimita, hauna ukakamavu unaozidi wa chuma. Ni kama robo tatu yake. Nasi tumeutumia kwa eneo la robo moja. Kwa hiyo slabu yetu mpya haitavunjika, lakini itabonyea na kupasuka nyufa pana zaidi ya ile ya chuma, kwa kuwa chini yake kuna kitu kinachorefuka zaidi ya mara tano kwa mzigo uleule. Katika nyumba nyingi kinachoamua unene wa slabu ni kubonyea, si kuvunjika. Slabu pana ya sebule haitapata mengi kutoka kwa kaboni.

Basi inafaa wapi? Pale ambapo unene uliamuliwa na koti. Ubao wa zege wa kuvika ukuta wa nje ni mfano mzuri. Kwa nondo, ukihesabu chuma chenyewe na koti pande mbili, huwezi kushuka sana chini ya sentimita 8. Kwa wavu wa kaboni sentimita 3 zinatosha, kwa kuwa wavu unahitaji zege la kuushika tu, siyo la kuukinga. Kila mita ya mraba inashuka kutoka kilo 190 hadi kilo 72 hivi, na ukuta unaoibeba, na msingi unaoubeba ukuta, navyo vinapungua. Hapo ndipo faida inapopatikana: kwenye zege ambalo halikumwagwa.

Watu wa Dresden, Ujerumani, walilifuata wazo hili hadi mwisho. Profesa Manfred Curbach wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden na wenzake walipata Tuzo ya Mustakabali ya Ujerumani mwaka 2016 kwa zege la kaboni, na mwaka 2022 mji huo ukapata jengo linaloitwa CUBE, lililobuniwa na wasanifu wa HENN, ambalo lote lina kaboni mahali pa nondo. Ni dogo, mita za mraba 220 hivi. Upande mmoja dari linajikunja polepole na kuwa ukuta, kama karatasi iliyosokotwa, jambo ambalo nondo zenye koti nene zisingelikubali kirahisi. Sifichi kwamba lilikuwa ghali na kwamba ni jengo la majaribio. Nalipenda kwa sababu limeacha kuigiza majengo ya chuma.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, hauna sura nzuri. Karibu na Lucerne nchini Uswisi kuna daraja la Ibach. Mafundi waliokuwa wakitoboa ili kufunga taa za kuongozea magari walikata kwa bahati mbaya kebo ya chuma iliyolikaza daraja. Mwaka 1991 kikundi cha Urs Meier, kutoka taasisi ya EMPA, kililirekebisha kwa kubandika kanda za kaboni upande wa chini. Sahani za chuma za kazi hiyo zingekuwa na kilo 175. Kaboni iliyotumika ilikuwa kilo 6.2, na ilibandikwa kutoka kwenye jukwaa la kuinuliwa, bila kujenga jukwaa kutoka ardhini. Kilo 6.2 mara 20 ni kilo 124 za hewa ukaa, na daraja likarudishiwa nguvu yake. Hesabu ya namna hiyo ndiyo inayonishawishi. Kaboni ghali inalipa pale kidogo chake kinapozuia kingi cha kitu kingine kuvunjwa na kujengwa upya, na nyumba iliyosimama tayari imeshatoa hewa ukaa yake.

Zipo tahadhari, na nyingine ni za pwani hasa. Kaboni haishiki kutu lakini inapitisha umeme, na ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, viwili hivyo hugeuka betri. Chuma ndicho kinacholiwa, upesi kuliko kingeliwa peke yake. Kwa hiyo wavu wa kaboni usifungwe kwa waya wa kufungia nondo, na ukanda wa kaboni utenganishwe na nondo kwa safu nzima ya epoksi. Epoksi nayo ina mpaka wake: ile inayokauka bila kupashwa moto huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hadi 80. Paa tambarare jeusi kwenye jua la Februari linaweza kukaribia hapo kabla hata moto haujatajwa. Kwenye moto, uzi unabaki na gundi inaondoka, na tunajua uzi bila gundi ni nini.

Halafu kuna meza ya kukunjia nondo. Kila eneo la ujenzi ninalolijua lina meza hiyo, yenye misumari yake minene, na fundi anayekunja ringi moja kila sekunde chache bila kupima. Nondo ya kaboni iliyokwisha kukauka haikunjiki. Ukiilazimisha, inakatika. Haitoi onyo kama chuma kinavyofanya, ambacho hurefuka na kunyong'onyea kabla ya kukatika na kumpa aliye chini nafasi ya kukimbia. Kona zote lazima ziagizwe kiwandani zikiwa tayari zimepinda, tena pale kwenye kona nguvu hupungua. Ujuzi wote wa fundi wa nondo unakuwa hauna kazi asubuhi moja.

Wengine huniuliza kuhusu mkonge, nikiwa mtu wa Tanga. Nyuzi za mkonge zina nguvu inayokaribia nondo, na ni nyepesi, na zinaota. Tatizo ni ile alkali inayokilinda chuma: ndani ya saruji ya kawaida inazila nyuzi za mmea hadi ziwe dhaifu. Kaboni haina habari nayo. Watafiti wanapunguza alkali kwa kuchanganya majivu ndani ya saruji, na kwa mabati ya saruji na dari hilo laweza kutosha. Kwa roshani ningesita.

Turudi kwenye roshani, basi. Nilipanda na nyundo, nikagonga slabu kila mahali. Penye uhai hulia kama chungu kizima, penye uozo hulia kama chungu kilichopasuka. Fundi alikuwa amesimama chini akionyesha tumbo la slabu, pale nondo zilipoonekana, akitaka ukanda wa kaboni ubandikwe hapo. Nikamwomba kipande cha sponji, tukakifanyia jaribio lilelile la mwanzo, ila safari hii ncha moja ameishikilia yeye ukutani na nyingine nimeibonyeza mimi, kwa kuwa roshani imeshikwa upande mmoja tu. Mistari ikaachana juu. Ikabanana chini. Nondo zilizokuwa zikimtisha shangazi zilikuwa za kushikiza tu. Zile zinazoibeba roshani ziko juu, chini ya vigae, ambako hakuna aliyetazama.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kung'oa vigae, kuchimba zege lililooza hadi kufikia lililo zima, kwa kuwa ukanda uliobandikwa juu ya uozo hubanduka nao, kusugua nondo, kujaza upya, na kuacha mhandisi aamue kama kanda tatu za milimita 50 kwa 1.2 zinahitajika juu yake kabla ya kuziba. Shangazi alisikiliza yote haya kwa utulivu, hadi nilipofika kwenye vigae. Vile, akasema, viliagizwa Dubai, na dukani haviko tena.